Babu Hakuuzwa kwa Chumvi

Kaa hapo penye mwanga, mjukuu wangu, uandike ninachosema, si unachodhani ninataka kusema. Tulipomzika kaka yangu kwetu Igowole, Mufindi, kijana aliyeshika kipaza sauti aliwaambia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa mjukuu wa shujaa, na kwamba shujaa huyo aliuzwa na Wasangu kwa Wajerumani kwa chumvi. Nilipokuwa msichana ulikuwa mfuko mmoja wa chumvi. Sasa imekuwa mifuko mingi, na bunduki juu yake, na Mjerumani amepewa hata farasi. Watu waliguna kwa uchungu. Wewe uliinua simu yako ukarekodi, na kabla hatujafika hapa Soweto ya Mbeya binamu zako wa Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kuyasikia. Hukujua kwamba unatangaza matusi juu ya nyumba ya babu yako mwenyewe aliyenioa, maana yeye alikuwa Msangu. Nilinyamaza, kwa kuwa mfiwa hamnyang'anyi mtu kipaza sauti. Lakini tangu siku ile sijatulia. Nikiketi natamani kusimama, nikisimama sijui ninakwenda wapi. Kwa hiyo nitakueleza mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Niliyoyaona nitasema niliyaona. Niliyoambiwa nitakutajia aliyeniambia, na mahali alipokuwa mambo hayo yalipotokea. Sikwenda shule, lakini hilo la kuuliza mtu alikuwa wapi halifundishwi shuleni peke yake.

Katika nyumba ya baba yangu, sisi Wahehe, habari ile tuliila. Kila mwaka, kabla ya mavuno mapya kuguswa, tulikaa siku moja tukala ugali na maharage yasiyotiwa chumvi kwa ajili ya babu. Nakumbuka chumba kile: ukuta mweusi kwa moshi, benchi la wanaume upande wa dirisha, sisi wasichana chini karibu na mafiga, na maharage yale yasiyo na ladha ambayo mtoto aliyatafuna huku akijitahidi kutokunja uso. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Hakunywa pombe ya ulanzi, hakuapa, wala hakumcheka mtu. Alisimulia akiwa amesimama. "Babu yenu hakushindwa vitani," alisema. "Aliuzwa. Na hili si la kusikia njiani. Walikiri wenyewe. Msangu alisimama kwenye matanga ya baba yangu, mbele ya wazee wote, akasema: sisi ndio tuliomwuza, kwa mfuko wa chumvi. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa mtoto, lakini masikio yangu yalikuwa haya haya." Kisha aliketi, na mabakuli yakaondolewa. Nataka uelewe jambo moja, maana lote litakalofuata linaegemea hapo: baba yangu hakuwa mwongo. Aliyoyasema aliyasikia kweli.

Mwaka huo shangazi yangu, mdogo wake baba, alianguka kwenye utelezi akavunjika mkono, nami nikapelekwa Mbeya, mtaa wa Mwanjelwa, kumsaidia. Mwanjelwa mnayoijua ninyi, yenye maduka yaliyobanana, haikuwa hivyo. Kulikuwa na nyumba chache za matofali mabichi, vibanda, mashamba ya viazi, na ukungu ulioshuka kutoka milimani ukakaa hadi saa za jua kali. Shangazi na mumewe, aliyefanya kazi ya barabara, walikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa mbao tupu. Mimi nililala upande wa jiko, kwenye magunia ya viazi, na kwa kuwa mbao zile zilikuwa na nyufa nilisikia kila kilichosemwa upande wa pili. Ndivyo nilivyojua kwamba nimeanza kuzungumzwa. Mlango wa nyumba ulikuwa umelegea, akaitwa fundi seremala kutoka jirani, kijana wa Kisangu aitwaye Daudi. Alikuja, akaondoka, akarudi. Jioni nilimsikia shangazi akimwuliza mumewe, "Baba, hivi yule fundi anatengeneza mlango au anapanda kwanza mti wa kupasua mbao zake?" Mumewe akajibu, "Mwache. Mlango ulipona tangu siku ya kwanza. Anayeugua ni yeye." Shangazi akacheka hadi mkono wake ukamwuma. "Lakini ni Msangu," alisema. "Kaka hatakubali." Mimi nilikaa gizani juu ya viazi, sina raha, maana mpaka saa ile nilikuwa sijajiambia kwamba ninataka kitu.

Daudi alikuwa mtu wa maneno machache. Alipokula kwetu alisifu makande, akasema asante, akaokota takataka za mbao alizoangusha. Hilo la takataka lilinifanya nimtazame mara ya pili. Alipotaka kunioa hakunizungusha. Alimwendea mume wa shangazi, naye akatuma neno kwa baba kwa kinywa cha dereva wa lori aliyepita Mufindi. Majibu yalirudi kwa dereva huyo huyo, ambaye aliyatoa akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, akitamani kuondoka. "Mzee anasema hivi: hana ugomvi na kijana. Lakini hawezi kuwapa binti watu waliokiri. Anasema, kama wasingekiri tungeweza kusema ni uvumi. Wamekiri." Shangazi alimkaribisha chai, dereva akakataa. Daudi aliposikia alisema tu, "Mimi sijapata kuisikia habari hiyo kwetu." Jibu lile liliniudhi kuliko kama angegombana. Nilimwona kama mtu anayeficha. Siku zilizofuata nilifanya kazi kwa kishindo: nilitwanga mahindi yaliyokwisha kutwangwa, nilifagia uani mara nyingi hata shangazi akanifokea kwamba nitachimba kisima. Kwa nini nilimtaka mtu ambaye watu wake walimwuza babu yangu? Na kama sikumtaka, kwa nini nilijua sauti ya randa yake hata upepo ulipovuma upande mwingine?

Katika msimu wa baridi alifariki jirani yetu, Mzee Yohana, Mhehe mwenzetu aliyekuwa amehamia Mbeya zamani. Hapa ninasema niliyoyaona. Alikufa kwa homa ya mapafu. Mimi mwenyewe nilimpelekea uji kila asubuhi kwa sababu mkewe alikuwa amechoka kukesha. Nilimwinua kichwa, nilisikia kifua chake kikikwaruza, na nilikuwa chumbani mle pumzi zilipokatika. Hakuna aliyejua kifo kile kuliko mkewe na mimi. Daudi ndiye aliyetengeneza jeneza. Tulipofika makaburini, wanaume wakiwa tayari na kamba za kuliteremsha, Daudi yule mpole, asiyeinua sauti, alipanda juu ya jeneza akaketi, akakunja nne kama mtu aliye barazani kwake.

"Hazikwi mtu hapa!" alipaza sauti. "Mnalia nini? Huyu tumemwua sisi Wasangu! Tulimtilia sumu kwenye ulanzi wake. Akainywa yote, akapangusa mdomo, akatuomba nyingine! Imetugharimu sana kumwua Mhehe huyu. Leteni kuku wa fidia, la sivyo namrudisha kwangu akachunge mbwa wangu. Au nikiwa na Mhehe nyumbani mbwa hawatabaki?"

Nilitazama huku na huku nikingoja wanaume wamkamate. Badala yake mzee mmoja wa Kihehe aliyekuwa analia alianza kucheka katikati ya kulia, na mwingine akamjibu Daudi, "Shuka hapo, Msangu, ninyi hata sumu mnaazima!" Na mjane, aliyekuwa hajala tangu msiba uanze, alijifunika uso kwa khanga, mabega yakatikisika, akasema kwa sauti iliyokauka, "Mpeni mwizi huyo kuku wake, mume wangu apumzike." Kuku akaletwa. Daudi akamshika miguuni, akampima uzito kwa dharau, akashuka. Alipokuwa anatwaa kamba pamoja na wengine nikaona machozi yamejaa machoni pake, maana Mzee Yohana alikuwa rafiki yake.

Utani niliujua. Nani asiyeujua? Njiani Msangu akikutana na Mhehe atamwita mla mbwa, na Mhehe atamwita mkimbizi wa vita, wacheke waachane. Lakini utani wa kwenye msiba sikuwa nimeuona hata siku moja. Kijijini kwetu kanisa liliukataza kabla sijazaliwa, na aliyesimamia katazo hilo kwa ukali kuliko wote alikuwa baba yangu. Alikuwa akisema kwamba kucheka penye kaburi ni upagani. Sisi watoto wake tulizika watu kwa nyimbo na kimya. Nilisimama pale makaburini, watu wakirudishia udongo, na jambo moja likawa linanizunguka kichwani bila kutua: nimemsikia Msangu akikiri mbele ya wazee, kwa masikio yangu, kwamba wamemwua mtu, na mtu huyo nilimlisha uji mimi.

Sikungoja. Nilimkuta Daudi uani kwa marehemu akila pamoja na wanaume, nikamwita pembeni, jambo ambalo wasichana wa wakati ule hawakulifanya. Nikamwuliza kwa nini amesema wamemwua Mzee Yohana. Akashangaa. "Si utani? Nani pale hakujua kuwa ni utani?"

"Mimi sikujua," nilimwambia. "Mimi mtu mzima. Sasa kama kungekuwa na mtoto mdogo pale, mtoto wa marehemu, amefiwa na baba yake, asiyejua maana ya watani. Angekumbuka nini?"

Tonge lilibaki mkononi mwake. "Angekumbuka kwamba tumekiri," alisema.

Kilichofuata kilikuwa bahati, wala sitaki uandike kwamba kilikuwa muujiza. Bibi yake Daudi, mama wa baba yake, alikuwa ameletwa Mbeya kutoka Usangu kutibiwa macho. Tulimkuta katika chumba cha nyuma, ameketi kwenye ngozi ya ng'ombe karibu na jiko la mkaa, akichoma viazi na kuvigeuza kwa vidole bila kuungua. Chumba kilinuka majivu na dawa ya macho. Nilimpigia magoti, nikamwamkia, nikamtajia jina la ukoo wetu. Kabla sijaendelea alipiga kelele ya furaha. "Wala-mbwa! Daudi, ficha mbwa wa jirani, wamefika!" Nikangoja amalize kucheka. Kisha nikamwuliza kama amepata kusikia habari ya Mhehe aliyeuzwa kwa mfuko wa chumvi.

"Kusikia?" alisema. "Niliisema mimi."

Akaniambia haya. Wakati wa vita vya Wajerumani yeye alikuwa msichana wa kuolewa. Mashamba ya Uhehe yalichomwa, watu wakatawanyika kutafuta nafaka. Babu yangu alifika kwenye boma la baba yake bibi huyu, miguu imevimba, tumbo linamwendesha, na gunia tupu begani. Walikuwa wanajuana tangu kabla ya vita. Walimpa nafasi ya kulala na uji. Hakupona. Walimzika wao, kisha baba yake akawachukua watu wake wakatembea hadi Uhehe kupeleka habari na kukaa matanga, kama watani wanavyopaswa. Watu waliwapokea kwa kilio kikubwa kiasi kwamba hakuna aliyeweza hata kuwasha moto wa kupika. Ndipo yeye, kwa kuwa alikuwa na mdomo mkali kuliko dada zake, akasukumwa mbele aseme chochote cha kuwafanya wapumue. "Nikasema tumewauzia Wajerumani mtu wenu kwa mfuko wa chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga, kwa hiyo tunadai tulipwe hasara yetu. Walicheka hadi wakashika matumbo. Wakaweza kula. Ulikuwa utani mzuri ule." Akageuza kiazi. "Kwani hawakuucheka tena?"

Nilimhoji kama hakimu. Alikuwa wapi babu alipofariki? Yeye alikuwa nje, waliokuwa ndani ni mama yake na kaka yake. Je, babu alipigana na Wajerumani? Hajui, hakumwona vitani. Je, alisema lolote juu ya risasi kugeuka maji, kama ilivyosimuliwa kwetu? Alicheka: "Mtu anayehara hasimulii risasi." Nilichukia jibu lile. Nilikuwa nimekwenda kutafuta njia ya kuolewa, nami nilikuwa nimeipata, lakini njiani nilikuwa nimempoteza shujaa. Nilikuwa na babu aliyesimama juu ya jabali akizungukwa na maadui. Sasa nilikuwa na mtu mwenye njaa na gunia tupu. Usidhani ukweli ulinifurahisha. Nilirudi kwa shangazi nikalala bila kula, na nilipomweleza kupitia nyufa za mbao, akasema, "Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama siku hizo. Habari yote nimeipata kwa kaka. Na kaka naye alikuwa hajafikia hata urefu wa mpini wa jembe." Nikamwuliza mbona wakubwa waliokuwapo hawakumsahihisha. Akanihesabia: huyu alikufa kwa njaa ile, yule kwa ndui, wale walichukuliwa kubeba mizigo katika vita vilivyofuata wakaishia huko. Waliocheka matangani hawakuishi hadi baba awe mtu wa kusimulia.

Bibi yake Daudi ndiye aliyeamua kwenda kwa baba. "Nimeambiwa kuna Mhehe ananituhumu," alisema, "nami sina macho ya kumtazama, lakini mdomo ninao." Tulipanda lori, yeye mbele na dereva, mimi nyuma juu ya mizigo, na kutoka barabara kuu tukapata gari lililokuwa likipeleka vifaa mashambani upande wa Igowole. Daudi tulimwacha, mposaji aliyekataliwa hajipeleki mwenyewe. Njia nzima sikukaa. Nilishika kingo za lori nikatazama vilima vya Mufindi vikija, na kila kilima nilitamani kiwe cha mwisho, kisha nikatamani kiwe mbali zaidi.

Baba alikuwa kwenye chumba kile kile cha benchi na dirisha, mama akisonga ugali. "Kamwene," bibi alisalimia kwa Kihehe. "Kamwene," baba aliitikia, akampa kiti, maana adabu hakuiacha. Bibi alipoeleza ametoka ukoo gani, uso wa baba ulikunjamana.

"Ninyi mlikiri," baba alisema.

"Nilikiri ili nipate kuku," bibi alijibu. "Nikampata. Jogoo mwekundu, ana kidole kilichokatika. Aliyeambiwa amkamate ni mtoto wa marehemu. Alimkamata huku analia, akasema ni jogoo wake, akaning'ang'ania. Mtoto huyo ni wewe?"

Baba aliitazama mikono yake. Sisi watoto wake hatukuwahi kusikia habari ya jogoo. Mama aligeuka na mwiko mkononi akamtazama mumewe, nami nikajua kwamba hata yeye hakuwahi kuisikia.

"Sasa utani nimeuweka chini," bibi alisema. Akamweleza kama alivyonieleza, bila kicheko.

Baba aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na habari ya chumvi hakuisimulia tena. Namlaumu kwa jambo moja tu: aliiacha ya uongo bila kuweka ya kweli mahali pake, na pale alipoiacha wengine waliiokota. Labda hakuweza. Mtu aliyekuwa mtoto wa shujaa tangu utotoni, utamtaka asimame mbele ya wageni awaambie kwamba baba yake alikufa akitafuta mahindi? Mimi ninaweza kulisema kwa sababu wewe unaandika na hakuna anayenitazama. Lakini siku ile, ndani ya chumba kile, alifanya jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya. Alimwuliza mtu.

"Alikula nini?"

"Uji wa ulezi. Kidogo, nao ulirudi."

"Nani alimwosha?"

"Mama yangu na kaka yangu."

"Mlimlaza ameelekea wapi?"

"Huku kwenu. Baba yangu alisisitiza."

Baba alishika magoti yake kwa mikono miwili. Sauti iliyotoka haikuwa ya mzee wa kanisa. "Aliniita? Alitaja jina langu?"

Nilimtazama bibi yule. Neno moja tu, ndiyo, na mambo yangu yote yangekuwa yamenyooka. Alikuwa mtani, amedanganya watu msibani maisha yake yote ili wapumue, na palikuwa na mtu mbele yake aliyekuwa amekosa pumzi kwa miaka mingi. Mama aliacha kusonga. Nilimsihi kwa macho, nikasahau kwamba haoni.

"Hapana," bibi alisema. "Waliokuwa ndani walisema hakutaja mtu. Hakuwa na sauti."

Ugali ulianza kuungua, mama asiuguse. Baba aliinamisha kichwa, akakaa hivyo, kisha akakiinua.

"Ungesema aliniita, ningejua bado unatania, nami ningekufukuza," alimwambia. Halafu akanigeukia mimi, kwa ukali wake wa siku zote. "Mwambie huyo kijana alete wazee wake."